Vimiraba Havikufika Usoni

Gaudensia Margwe alikuwa mtu pekee katika kata ya Tlawi aliyejua kusoma Kijapani, na kwa miaka minne elimu hiyo haikumletea chochote isipokuwa utani. Alikisoma chuoni Dodoma akiwa na ndoto ya kuwatembeza watalii mbugani. Watalii Wajapani walikuja na waongozaji wao, naye akarudi nyumbani kulima vitunguu swaumu na mama yake, Verediana. Majirani wakimkuta shambani walimwita Mjapani na kumuuliza kama huko kwao nao wanatumia jembe la mkono. Alicheka pamoja nao, maana kukasirika kungewapa raha zaidi.

Kwa hiyo Benedict alipompigia simu mwezi wa pili, hakuuliza maswali mengi. Benedict walisoma naye darasa moja. Sasa alikuwa Arusha, akitafutia kampuni za nje watu wa kufanya kazi za mtandaoni.

"Ni huduma kwa wateja, Gaude," alimwambia. "Wateja Wajapani wanaandika barua pepe, wewe unawajibu. Kampuni inauza video."

"Video za nini?"

"Za burudani. Wewe ni barua tu. Nitakutumia kompyuta kwa basi."

Mtandao wa Tlawi ulikuwa wa kubahatisha, hivyo akahamia Katesh na kupanga chumba Jorodom, kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Agatha. Nyumba ya Agatha ilikuwa mpya, bati zake bado zinang'aa, kwa sababu ile ya zamani ilichukuliwa na tope la Mlima Hanang Desemba ya mwaka 2023. Agatha mwenyewe alichukuliwa nalo. Walimtoa akiwa hai jioni, wakati watu walikuwa wameshaanza kutafuta maiti tu. Hakupenda kuongelea siku hiyo. Aliongelea kuku wake, maharage yake, na mapadri wanaohubiri mpaka watoto wanalala. Huko Tlawi, Verediana aliwatangazia wanajumuiya wote wa kanisa kwamba binti yake ameajiriwa na Wajapani.

Saa za Japani ziko mbele ya za kwetu kwa saa sita, hivyo Gaudensia alikaa mezani mapema asubuhi na kumaliza saa saba mchana. Wiki ya kwanza ilikuwa ya watu waliosahau nywila. Wiki ya pili ikaja barua ya mzee mmoja wa miaka sitini na nane. Umri wake aliutaja mwenyewe. Barua ilianza jinsi barua nzuri ya Kijapani inavyoanza, kwa majira: baridi inapungua, miti ya plamu imechanua, natumaini nyote hapo mna afya njema. Kisha mzee huyo, bila kubadilisha sauti, kwa maneno yaleyale ya unyenyekevu, akalalamika kwamba kwenye video aliyonunua vimiraba havikuondolewa vizuri. Akataja dakika. Akataja na sehemu ya mwili wa mwanamke.

Gaudensia aliisoma mara mbili, akidhani Kijapani chake kimeanza kupata kutu. Utaratibu wa kazi ulimtaka ahakikishe malalamiko kabla ya kujibu. Akafungua video. Hazikupita sekunde kumi akawa ameifunga, amesimama nje karibu na banda la kuku, mate yamemjaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Alimpigia Benedict palepale.

"Umenidanganya."

"Nimekwambia burudani. Watu wazima wanaburudika kwa namna yao." Sauti ya Benedict haikuonyesha kushtuka. "Sikiliza nikueleze, maana hata mimi nilishangaa. Japani wana sheria ya zamani, imezidi miaka mia. Inakataza kuonyesha uchafu. Sasa watengenezaji wa hizo video wanafanyaje? Wanaziba zile sehemu kwa vimiraba vya ukungu. Ukiweka vimiraba, umeitimizia sheria, unauza dukani mchana kweupe. Ila wateja hawavipendi. Ndipo wanakuja watu wa nje kama kampuni yetu, wanaiuza bila vimiraba. Kompyuta zao ziko nchi nyingine. Sheria ya Japani inaishia Japani."

"Na wale wanawake?"

"Wanawake gani? Wale walishalipwa zamani. Gaude, wewe hufanyi lolote baya. Unajibu barua."

Angeweza kuirudisha kompyuta siku ileile. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuirudisha. Alikumbuka mama yake alivyosimama mbele ya jumuiya. Alikumbuka jembe. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakupenda kulikiri: baada ya miaka minne, kuna mtu alikuwa anamwandikia Kijapani, naye anakielewa. Akabaki.

Siku zote alidhani uchafu una lugha yake, kwamba mtu akitaka kusema mambo ya aibu hutafuta maneno ya aibu. Barua hizi zilikuja zimevaa shati jeupe na tai. Watu walimwomba radhi kwa kumsumbua, wakamtakia afya njema msimu wa mvua, halafu wakauliza kama kampuni ina video za yule mwanamke mwenye kidoti chini ya jicho, na kama zipo ambazo analia. Naye aliwajibu kwa heshima ileile aliyofundishwa na mwalimu wake kuwaandikia wazee. Jioni alisugua vidole kwa sabuni ya kufulia, ingawa hakuwa ameshika kitu zaidi ya vibonye. Chakula kilianza kumshinda. Agatha alimwekea makande na maziwa ya mgando, akamwona anazungusha kijiko tu.

"Wewe mtoto unaumwa?"

"Hapana mama. Ni kazi."

"Kazi ya kukaa ndiyo inakukondesha hivyo?" Agatha alicheka. "Basi mimi ningekuwa mnene."

Barua ya Kazue ilifika mwezi wa tano. Haikuanza na majira.

"Naitwa Kazue," iliandikwa. "Sitaandika lile jina nililopewa kwenye video, mnalo. Nina miaka thelathini na tatu. Nikiwa na miaka ishirini na moja niliambiwa nitapigwa picha za nguo za kuogelea, nikasaini. Siku ya kazi niliambiwa kazi ni nyingine, na kwamba nikikataa, wazazi wangu watadaiwa hasara ya watu wote waliokuwa chumbani. Walikuwa watu kumi na mmoja. Video ilitoka na vimiraba, na sheria ikatosheka. Lakini vimiraba vilifunika mahali ambapo hakuna mtu angenitambua. Uso wangu waliuacha. Uso ndio anaoujua mama yangu, na mwalimu wangu wa darasa la kwanza, na mwanamume anayeniuzia mkate. Mwaka 2022 ilikuja sheria mpya inayowaruhusu waigizaji kuvunja mikataba, ila mkataba wangu ni wa kabla yake. Sasa ninyi mmeondoa na vimiraba. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mwezi uliopita mtoto wa mzee mmoja alinitazama muda mrefu wakati namlisha baba yake, halafu akatabasamu. Naomba muiondoe. Sina ombi jingine."

Gaudensia alikaa mbele ya barua hiyo mpaka skrini ikazima yenyewe. Kisha akafungua orodha ya majibu yaliyotayarishwa na kampuni. Jibu la mambo kama haya lilikuwa namba saba: tunakushukuru kwa kuwasiliana nasi, kampuni haifanyi kazi chini ya sheria za Japani, hivyo tunasikitika kwamba hatuwezi kutekeleza ombi lako. Kijapani cha jibu hilo kilikuwa kibovu, kama kimetafsiriwa na mashine. Akakinyoosha. Akaongeza neno la heshima hapa, akapunguza ukali pale, mpaka kukataa kule kukawa laini kama pamba. Akatuma.

Asubuhi iliyofuata alikuta jibu.

"Asante sana kwa kunijibu. Nimeandikia kampuni tisa, ninyi ndio wa kwanza kujibu, tena kwa maneno mazuri. Nimeelewa kwamba haiwezekani. Samahani kwa usumbufu."

Alikimbilia chooni. Alitapika chai, akatapika maji, akabaki ameshika ukuta. Kama yule mwanamke angemtukana angepata nafuu. Shukrani ile hakujua aiweke wapi.

Siku tatu baadaye tundu la chaji la simu yake lililegea, akaipeleka kwa Festo. Festo alikuwa na duka dogo karibu na stendi, akitengeneza simu na kuwawekea watu nyimbo na filamu kwenye kadi za kumbukumbu za simu. Ndani walikuwepo wanaume watatu watu wazima, mmoja amevaa koti la suti, wameegemea kaunta wakitazama kompyuta ya Festo.

"Weka ile ya maua," yule wa koti alisema.

Gaudensia alitazama bila kutaka. Kulikuwa na tope, watu wanapiga kelele, mikono inamvuta mtu kutoka chini ya mbao. Tope lilikuwa limemvua nguo zote. Kifuani na kiunoni palikuwa pamebandikwa maua ya njano ya kwenye simu, nayo yaliufuata mwili ulivyovutwa, mara nyingine yakichelewa kidogo, na kila yalipochelewa wanaume wale walicheka. Juu ya maua ulikuwepo uso. Mtu alikuwa ameumwagia maji ya chupa ili kutoa tope, ukaonekana vizuri kabisa, macho wazi, mdomo wazi.

Alikuwa Agatha.

"Festo," Gaudensia alisema, "huyo ni mama Agatha."

"Kwani nimetaja jina?" Festo hakusimamisha video. "Halafu dada, usinitazame hivyo. Nimemfunika. Sheria ya mtandao inakataza uchi. Sasa uchi uko wapi hapo? Hayo maua niliyaweka mimi mwenyewe, moja moja, kazi ya siku nzima. Wengine waliirusha hivihivi. Mimi nimeheshimu sheria."

Alisema hivyo kwa majivuno ya fundi, kama seremala anayekuonyesha jinsi mlango wake unavyofunga. Gaudensia alimsikia Benedict ndani ya sauti hiyo. Halafu akajisikia mwenyewe, akinyoosha jibu namba saba, naye pia akijivunia kazi yake. Alichukua simu yake na tundu lake bovu, akatoka. Kinyaa kilimpanda kutoka miguuni. Alitembea katikati ya barabara kwa kuwa hakutaka kugusana na mtu yeyote.

Agatha alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mama," Gaudensia alisema akiangalia chini.

"Marahaba." Mikono ya Agatha ilisimama. "Umeiona."

Gaudensia alichuchumaa kando ya ungo.

"Wote wakishaiona wananisalimia hivyo hivyo, macho kwenye viatu vyangu." Agatha aliokota jiwe dogo kwenye maharage akalitupa. "Mwaka wa pili huu. Sokoni nawajua mmoja mmoja. Hata katekista ameiona."

"Ungeripoti, mama."

"Nikiripoti nitaambiwa nionyeshe. Niionyeshe mara ngapi?" Aliokota jiwe jingine. "Huyo Festo anasema amenifunika. Angefunika uso nisingesema neno. Hayo mengine kila mwanamke anayo. Uso ni wangu peke yangu."

Hapo Gaudensia akaanza kulia, na akiwa analia akamweleza. Alimweleza kazi yake ni nini, barua za wale wazee wenye adabu, na Kazue, na nyumba ya wazee, na mtu aliyetabasamu. Agatha alisikiliza bila kumkatiza. Maneno ya Kazue kuhusu uso yalipofika, aliweka ungo chini.

"Huyo mama Mjapani, amesema hivyo hivyo?"

"Karibu hivyo hivyo."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu haiwezekani."

Agatha alisimama. Hakupaza sauti. Alimtazama Gaudensia kuanzia kichwani mpaka miguuni, jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga gizani na sasa amekiona.

"Nimekupikia," alisema. "Miezi mitatu nimekupikia, na wewe ukimaliza kula unaingia kwenye chumba changu unafanya ya Festo." Aliokota ungo wake. "Usiniamkie tena mpaka umemjibu huyo mama vizuri. Shikamoo yako siitaki."

Gaudensia alidhani ni hasira za kupita. Asubuhi walipokutana mlangoni alisema shikamoo. Agatha alipita na ndoo yake kama vile hakuna mtu. Jirani mmoja, mzee Gidabuday, aliyekuwa anapitisha ng'ombe wake njiani, alisikia salamu na akasikia kimya kilichofuata. Akasimama kabisa kutazama. Katika maisha yake yote Gaudensia hakuwahi kumwamkia mkubwa akakosa kuitikiwa. Hata waliogombania mipaka ya mashamba waliitikiana. Alirudi chumbani uso unamwaka, akafungua kompyuta.

Ilimchukua asubuhi nzima. Wateja walimsubiri, na akawaacha wasubiri. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kushughulikia malalamiko, alikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye orodha ya bidhaa. Alitafuta lile jina bandia la Kazue. Video ilikuwa moja tu, ila ilikuwa inauzwa kwa majina kumi na manne tofauti, katika tovuti nne zilizojifanya hazijuani. Aliyanakili yote. Alinakili jina la kampuni iliyokodisha kompyuta za kuhifadhia, na nchi ilipo. Alinakili maelekezo ya ndani yaliyowaambia wafanyakazi kwamba barua za wanawake wanaotaka kuondolewa zijibiwe kwa namba saba, na zisipelekwe kwa mtu yeyote.

Kisha akaandika.

"Mama Kazue. Mimi ndiye niliyekujibu. Naitwa Gaudensia Margwe, niko Tanzania. Nilikuandikia haiwezekani kwa sababu niliamriwa, na niliandika kwa maneno mazuri ili nisijisikie vibaya. Usinishukuru kwa maneno yale. Nimekuwekea hapa kila kitu nilichokiona. Tafadhali mpelekee wakili. Akihitaji mtu wa kusema kwamba maelekezo haya ni ya kweli, jina langu ni hilo."

Alitafuta neno la Kijapani la kuomba msamaha. Kulikuwa na mengi, yamepangwa kwa ngazi kulingana na ukubwa wa anayeombwa. Alipanda mpaka la juu kabisa, akalitazama, akaona nalo linanuka. Alikuwa amelitumia wiki iliyopita kwa mteja aliyelalamika video inakwama. Akaandika, kwa maneno ya mtoto mdogo, "Nimekosa." Akatuma.

Alimkuta Agatha jikoni.

"Nimemjibu, mama. Nimempa kila kitu."

"Kwa jina lako?"

"Kwa jina langu."

Agatha alichochea moto kwanza. "Haya," alisema. "Niamkie."

"Shikamoo."

"Marahaba. Vaa viatu, twende kwa Festo."

Ilikuwa saa nane mchana na duka lilikuwa na watu. Agatha aliingia amejifunga kitenge chake cha kanisani. Festo alipomwona, mkono wake ulikwenda kwenye kipanya.

"Shikamoo mama," alisema haraka.

"Marahaba, Festo. Nimekuja kuangalia ile ya maua."

"Ipi mama? Mimi sina..."

"Ninayo hamu ya kuiona. Watu wote wameiona, mimi peke yangu bado." Alivuta kiti akakaa mbele ya kompyuta. "Iweke. Na wewe kaa hapa, tuitazame wote mpaka mwisho. Utanielezea hayo maua uliyaweka vipi."

Mtu mmoja alitoka kimyakimya, halafu wa pili. Festo alikuwa ameinamisha kichwa, jasho limejitokeza juu ya mdomo.

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini? Mbele ya wenzako unaweza."

"Siwezi kuitazama na wewe umekaa hapa."

"Basi umeona mwenyewe," Agatha alisema. "Hukunifunika mimi. Ulijifunika wewe."

Festo aliifuta wakimtazama. Akaifuta kwenye kompyuta, kwenye simu yake, na kwenye diski ndogo aliyoitoa chini ya kaunta. Agatha hakumshukuru. Njiani alitembea taratibu, akashika mkono wa Gaudensia. "Iko kwenye simu za watu mia," alisema. "Ila hapo imetoka."

Benedict alikuja kutoka Arusha siku ya nne. Alimwita kwenye mgahawa mmoja wa nyama Katesh, na Gaudensia alipofika akakuta ameshaagiza mbuzi wa kuchoma, anakula.

"Kampuni imeona umeingia kwenye faili ambazo hukutumwa," alisema. "Nimekuja kuchukua kompyuta kabla hawajanikata na mimi. Umefanya nini, Gaude? Kwa ajili ya mtu mmoja usiyemjua?"

Gaudensia aliiweka kompyuta mezani. "Hiyo hapo."

"Na unajiona mtakatifu sasa. Umejibu barua mia ngapi?"

"Nyingi. Ndiyo maana sili."

Benedict alitikisa kichwa, akachukua kipande kingine. Baada ya kutafuna akalegeza sauti, kama mtu anayetaka mwenzake aone jambo dogo lilivyo dogo. "Nikwambie kitu ambacho kitakutuliza. Unafikiri tunaviondoa vile vimiraba? Havitoki. Kilichofunikwa kimefunikwa, hakuna anayekiona. Mashine inabuni. Inaangalia video nyingine elfu na elfu, inakisia, inachora. Kwa hiyo kile wateja wanachokiona hata sio mwili wake! Umeelewa? Huyo mama analilia kitu ambacho hata sio chake."

Mafuta yalikuwa yanang'aa kwenye mdomo wake. Alikuwa anatabasamu. Gaudensia alikumbuka yule mzee wa maua ya plamu, na dakika aliyoitaja kwa uangalifu mkubwa.

"Na uso?" aliuliza.

"Uso gani?"

"Uso pia mashine imebuni?"

"Hapana, uso ni wake," Benedict alisema. "Bila uso nani angenunua?"

Alikuwa amesema kitu cha kawaida kabisa, na mkono wake ulikuwa unarudi kwenye sahani. Gaudensia alisimama. Alitoka hadi kwenye bomba la kunawia, akanawa mikono, akanawa uso, akanawa tena, mpaka mhudumu akamwambia, "Dada, maji ni ya wateja wote."

Alirudi Tlawi wiki hiyo. Agatha alimpa kuku jike mmoja wa kwenda naye, na hakusema maneno mengi. Kumweleza mama yake ilikuwa kazi kubwa kuliko zote. Alimweleza shambani, wakiwa wanang'oa vitunguu swaumu, ili kila mmoja awe na kitu cha kutazama. Verediana alisikiliza akiendelea kukung'uta udongo kwenye mizizi. Aliuliza maswali mawili, na yote yalihusu Kazue: kama ana watoto, na kama mama yake bado yuko hai. Gaudensia hakujua jibu la lolote.

"Jumapili nitasimama," mama yake alisema mwishoni. "Mimi ndiye niliyewatangazia, mimi ndiye nitakayewaambia imeisha."

"Watauliza kwa nini."

"Nitawaambia ilikuwa chafu."

"Watauliza uchafu gani, mama."

"Basi utasimama na wewe." Verediana alikunja uso kama mtu aliyelamba kitu kichungu, akatema mate pembeni ya tuta. "Sitabeba peke yangu."

Walisimama wote wawili. Wengine waliinamisha macho, wengine walikosa maana ya kilichosemwa, na mzee mmoja aliuliza kama hao Wajapani wana wazazi. Utani wa Mjapani shambani ulikoma kuanzia siku hiyo, na hilo halikumfurahisha Gaudensia kama alivyodhani.

Mwezi wa nane wakili wa Kazue, mwanamke aliyeitwa Shiori, alimwandikia. Kampuni ya kukodisha kompyuta ilipoonyeshwa yale maelekezo ya ndani iliogopa, ikafunga tovuti mbili kati ya nne. Ya tatu ilifungwa na ikafunguka tena ndani ya siku kumi kwa jina jingine. Ya nne haikujibu. Kazue alikuwa ameacha kazi kwenye ile nyumba ya wazee na kupata nyingine, mji mwingine. Chini kabisa ya barua wakili aliuliza kwa tahadhari kama Gaudensia angekuwa tayari kuendelea kuwatafutia majina mapya ambayo video hiyo inauzwa kwayo, kwa kuwa anayajua maneno ambayo soko hilo linayatumia. Hata Wajapani wengi, aliandika, hawayajui.

Ilikuwa kweli. Alikuwa anayajua, na hakuna sabuni iliyoyatoa. Mkuu wa sekondari moja ya Mbulu alimwomba awafundishe wanafunzi salamu za Kijapani, naye alisimama mbele ya ubao na chaki mkononi, na kila salamu iliyomjia ilikuja na sauti ya wateja. Aliomba radhi akaondoka kabla ya kipindi kwisha.

Lakini kwa Shiori alijibu ndiyo. Kila Alhamisi asubuhi hupanda kwenye kilima cha nyuma ya nyumba, mahali ambapo simu inashika mtandao, amezima picha ili ije orodha ya majina ya video, maneno matupu. Anayasoma moja moja, na hali kitu mpaka ayamalize. Verediana alishazoea kutomwekea chai siku hiyo. Alhamisi ya juzi alipata majina mawili mapya. Aliyaandika kwenye karatasi kwanza, akahakikisha herufi zake, akayatuma, halafu akateremka kuwahi kumwagilia kabla jua halijawa kali.